Nani Anamuuliza Msichana?

Hapa Brussels, katika barabara ya Rue de la Régence, ile inayoanzia Place Royale na kuishia mbele ya Jumba la Sheria, kuna sinagogi kubwa lililofunguliwa mwaka 1878. Wayahudi wa jiji hili hufungia ndoa humo. Bwana na bibi arusi husimama chini ya kitambaa kilichotandazwa juu ya fito nne. Bwana arusi humvisha mwenzake pete mbele ya mashahidi wawili, hati ya ndoa husomwa kwa Kiaramu, na mwishoni glasi hukanyagwa ikavunjika. Lakini kabla ya pete na kabla ya hati, rabi anadai karatasi moja kutoka komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, inayoonyesha kwamba hawa wawili wamekwisha kufunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali. Bila karatasi hiyo hakuna arusi.

Agizo hilo limo katika Katiba ya Ubelgiji tangu mwaka 1831, na siku hizi ni ibara ya 21: ndoa ya serikali hutangulia, baraka za dini hufuata. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1867 ikaweka faini kwa kiongozi wa dini atakayegeuza mpangilio huo, isipokuwa kama mmoja wa wanaooana yuko mahututi. Sheria hiyo haikumlenga rabi peke yake. Padri yumo, mchungaji yumo, na imamu yumo. Wayahudi wa Ulaya Magharibi walikuwa wameshalikubali jambo hili hata kabla Ubelgiji haijawa nchi: mwaka 1807 Napoleon aliitisha baraza la marabi na wazee huko Paris, wakati Brussels yenyewe ikiwa chini ya Ufaransa, nao wakaridhia kwamba rabi asifungishe ndoa ambayo haijapitia kwanza serikalini.

Leo nataka kuzungumza juu ya ridhaa ya msichana katika ndoa, na juu ya wasichana wanaoozwa kabla hawajakua. Nimeamua kupitia katika sheria ya Kiyahudi. Siji kuwasuta Wayahudi. Wamesutwa vya kutosha katika bara hili, na mara nyingi kwa uongo. Ninapitia kwao kwa sababu vitabu vyao vina tabia moja ninayoiheshimu sana: vinaandika mabishano yote. Rabi anayeruhusu jambo anaandikwa, anayekataza anaandikwa, na hata hofu iliyomsukuma baba kumwoza mtoto inaandikwa wazi, bila kupambwa. Na hofu hiyo tunaijua sisi pia.

Tena Wayahudi si wageni kwetu kama wengi wanavyodhani. Wanaotoka Lubumbashi wanalijua sinagogi lililojengwa mjini kwao karibu na mwaka 1930, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Wengi wa waumini wake walitoka kisiwa cha Rhodes, wakafungua maduka Katanga, na biashara dukani waliifanya kwa Kiswahili. Rabi wao, Moïse Levy, alifika mwaka 1937 akakaa Kongo zaidi ya miaka 50. Familia nyingi za huko zilihamia hapa Brussels baadaye, na utazikuta katika sinagogi la Wasefaradi, komini ya Schaerbeek, mwendo mfupi kutoka wanakokaa wengi wenu mnaonisikiliza. Na kule Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, waliofuata dini hiyo tangu mwaka 1919 pamoja na Semei Kakungulu.

Haya, tuingie katika sheria yenyewe.

Sheria ya kale ya Kiyahudi inaanza na kanuni ambayo ukiisikia peke yake utaipenda: mwanamke haolewi bila kuridhia. Mwanamume akimkabidhi pete, au kitu chochote chenye thamani hata ya senti moja, na mwanamke asikubali, hakuna ndoa. Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa Babeli, haiyumbi katika hilo. Wafafanuzi huegemea kisa cha Rebeka, Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Ibrahimu amefika na ngamia kumi kumtafutia Isaka mke. Asubuhi anataka kuondoka, jamaa wa msichana wanaomba akae nao siku kadhaa, wanabishana, mwisho wanaamua aitwe mwenyewe aulizwe. Anaitwa, anaulizwa kama atakwenda na mtu huyu, anajibu kwamba atakwenda. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa mji wa Troyes, Ufaransa, karne ya 11, akachota hapo fundisho kwamba mwanamke haozwi ila kwa ridhaa yake.

Fundisho hilo ni zuri. Lakini rudi ukisome kisa chenyewe polepole. Usiku uliotangulia, kaka na baba walikuwa wameshakubali. Vito vya dhahabu na fedha vilikuwa vimeshatolewa, kaka na mama wameshapokea zawadi zao, watu wamekula na kunywa. Msichana akaulizwa asubuhi, mambo yakiwa yamekwisha. Kuna jambo zito zaidi. Rashi huyo huyo, kwa kupiga hesabu ya miaka ya Isaka na ya kifo cha Sara, anasema Rebeka siku hiyo alikuwa na miaka mitatu. Wafafanuzi waliokuja baada yake walipiga hesabu kwa njia nyingine wakapata 14. Mimi siwezi kumwona mtoto wa miaka mitatu akichota maji ya kuwanywesha ngamia kumi. Hata hivyo ona jinsi mwanazuoni mmoja alivyoweza kushika mambo mawili kwa pamoja bila kuona mgongano: kwamba lazima msichana aulizwe, na kwamba anayeulizwa aweza kuwa mtoto mdogo kiasi hicho.

Pengo la sheria liko papo hapo. Ridhaa ilikuwa haki ya mwanamke mtu mzima. Msichana wa chini ya miaka 12 alihesabiwa mdogo. Kuanzia 12 hadi 12 na nusu ni mwari. Baada ya hapo ni mtu mzima mwenye amri yake. Kabla hajafika huko, amri ilikuwa ya baba. Baba akimpokelea posa, binti amekuwa mke wa mtu, na hatoki humo bila talaka. Kwa mtoto wa kiume baba hakuwa na uwezo huo hata chembe. Mvulana ambaye hajatimiza miaka 13 hawezi kuoa, wala hakuna wa kumwozea kwa niaba yake.

Yatima alikuwa na hali tofauti kidogo, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Msichana mdogo aliyefiwa na baba aliweza kuozwa na mama yake au kaka zake, na marabi wakaikubali ndoa hiyo kwa nia ya kumhifadhi. Lakini kwa kuwa aliyemwoza si baba, walimwachia mlango. Akiwa bado mdogo angeweza kusema simtaki, akaondoka bila talaka, kana kwamba hakuwahi kuolewa. Na Talmudi haikuishia kuutaja mlango huo, bali inaeleza unavyoonekana. Ikiwa msichana amekaa kwenye machela akipelekwa kwa mume, na njiani akasema hataki, huko ni kukataa. Ikiwa wageni wamejaa nyumbani kwa mume, na yeye amesimama anawamiminia vinywaji, akasema hataki, huko ni kukataa. Rabi mmoja akaenda mbali zaidi: hata mume akimtuma dukani kumletea kitu chake, na mtoto akamwambia mwenye duka kwamba hamtaki yule mume, hapana kukataa kukubwa kuliko huko. Wanafunzi wa mwalimu wa kale Shamai walitaka kuubana mlango huo. Wanafunzi wa mpinzani wake Hilleli wakasema akatae hata mara nne au tano.

Mfikirie binti huyo mwenye birika mkononi katikati ya wageni. Hakuna aliyemwita faragha kumuuliza neno, hakuna aliyemwekea kikao. Amesema maneno mawili huku akimimina, na sheria nzima ikasimama upande wake. Sijui kama kuna andiko la kale katika dini yoyote linalompa mtoto wa kike nguvu kubwa kuliko hiyo kwa maneno machache hivyo. Lakini aliyeozwa na baba yake hakupewa mlango huo. Sheria ilichukulia kwamba baba hawezi kumdhuru binti yake.

Walikuwepo walioliona kosa hilo mapema. Kuna kauli inayonasibishwa kwa Rav, mwalimu wa Babeli wa karne ya 3, kwamba ni haramu baba kumwoza binti yake akiwa mdogo. Angoje mpaka akue aseme mwenyewe kwamba anamtaka fulani. Kwa hiyo tangu zamani kabisa palikuwa na mambo mawili katika kitabu kimoja: baba ana uwezo wa kumwoza mtoto, na baba anakatazwa kuutumia uwezo huo. Tatizo ni kwamba katazo halikuitangua ndoa. Baba akikaidi amefanya dhambi, lakini binti ni mke wa mtu.

Kisha ikaja hofu. Baada ya Rashi, Wayahudi wa Ufaransa na Ujerumani waliishi katika karne za misafara ya Vita vya Msalaba, mauaji, na kufukuzwa na kunyang'anywa mali. Wanazuoni wa wakati huo, walioandika maelezo yaitwayo Tosafoti, walipofika kwenye kauli ya Rav walijiuliza: mbona sisi tunawaoza mabinti wadogo na katazo tunalijua? Jibu lao waliliandika bila kujificha. Walisema uhamisho unawazidia kila siku. Leo baba ana kitu cha kumpa binti yake aolewe nacho. Kesho huenda hana, na binti akabaki bila mume maisha yake yote. Jibu hilo likaingia katika vitabu vya sheria vilivyofuata, na katika karne ya 16 bado linatajwa kuwa ndiyo sababu ya desturi.

Mimi jibu hilo linanigusa kwa sababu nimelisikia kwa masikio yangu, kwa Kiswahili, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za Tosafoti. Wazazi walioikimbia vita Kivu na kuishia kwenye mahema wanatoa hoja hiyo hiyo: leo nina uwezo wa kumweka mtoto kwa mtu, kesho sijui tutalala wapi, nani atamlinda na wenye bunduki? Mvuvi ambaye ziwa halimpi kitu, mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, wanasema vivyo hivyo. Mara nyingi baba anayemwoza mtoto hana chuki naye. Anaogopa, na hofu yake ni ya kweli. Lakini angalia nani analipa. Umaskini ni wa nyumba nzima, vita ni ya nchi nzima, na anayetolewa ili wengine wapumue ni mmoja tu, yule asiye na sauti.

Yemen ni mfano mwingine, na pwani yetu ina ndugu wengi huko. Chini ya maimamu wa Yemen palikuwa na amri kwamba mtoto wa Kiyahudi akifiwa na baba, dola imchukue yatima huyo na kumlea katika Uislamu. Wayahudi wakawa wanawaoza yatima mapema, wakiwa watoto kabisa, ili wahesabiwe wamekwisha kuwa na nyumba zao. Mwaka 1949 na 1950 Wayahudi wapatao 50,000 wa Yemen walipitia Aden wakarushwa kwa ndege hadi Israeli, na desturi zao wakasafiri nazo. Ile amri iliyowatia hofu haikuwepo tena huko, lakini desturi iliyozaliwa na amri hiyo ilikuwepo.

Hapo wakuu wa dini wakachukua hatua. Mwaka 1950 baraza la marabi lilikutana Jerusalem chini ya marabi wakuu wawili, Isaac Herzog na Ben-Zion Meir Hai Uziel, wakapiga marufuku kumwoa au kumwoza msichana ambaye hajatimiza miaka 16 na siku moja, na wakasema wazi kwamba katazo hilo linamhusu baba pia. Hawakusema vitabu vyao ni vya uongo. Walionyesha kwamba mamlaka yale yale yaliyoruhusu kwa hofu yanaweza kukataza hofu ikiondoka. Mwaka huo huo Bunge la Israeli likaweka umri wa msichana kuwa miaka 17, na mwaka 2013 likapandisha hadi 18.

Nitataja tukio moja zaidi, maana linaonyesha pengo la kale linavyoweza kumnasa mtu wa leo. Katikati ya miaka ya 1990, huko New York, walijitokeza akina baba wachache waliokuwa wakigombana na wake zao juu ya talaka, wakatangaza kwamba wamekwisha kuwaoza mabinti zao wadogo, kwa mwanamume ambaye hawakumtaja jina. Shabaha haikuwa ndoa. Shabaha ilikuwa mama: bila kumjua huyo mume, binti asingeweza kupewa talaka, na akikua asingeweza kuolewa na mwingine katika jamii yake. Marabi wa Kiorthodoksi waliwalaani waziwazi na kutafuta njia za kisheria za kuwafungua watoto hao. Serikali ya Marekani haikuitambua ndoa kama hiyo hata kwa dakika moja. Jamii ndiyo iliyoitambua, na mtoto anaishi ndani ya jamii.

Sasa tujiangalie.

Waislamu wa pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na wanazuoni wa madhehebu hayo walimpa baba, na babu wa upande wa baba, uwezo wa kumwoza binti bikira bila kumuuliza, ingawa walisema kumuuliza ni bora na wakaweka masharti. Katika madhehebu ya Hanafi, msichana mdogo aliyeozwa na walii asiyekuwa baba wala babu ana khiyari anapobaleghe: aikubali ndoa au aikatae. Ukiweka khiyari hiyo kando ya ile haki ya yatima wa Kiyahudi utashangaa zinavyofanana, pamoja na pengo lake, kwamba baba haguswi. Na ndugu zangu Wakatoliki wa Matonge na Anderlecht msikae mkajiona mko mbali. Kanuni ya 1083 ya sheria ya Kanisa lenu inaweka miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke, ikiwaachia maaskofu wa kila nchi ruhusa ya kupandisha.

Wala dola hazina usafi wa kujivunia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inadai ridhaa ya hiari ya wote wawili wanaooana. Kifungu cha 13 kinamruhusu msichana kuolewa na miaka 15, na cha 17 kinasema aliye chini ya 18 apate idhini ya baba. Ni mambo mawili katika kitabu kimoja, kama tulivyoona Babeli. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Julai 2016 ikaamuliwa kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, na agizo la Mahakama Kuu la kuvirekebisha vifungu hivyo ndani ya mwaka mmoja likabaki. Mwaka ukapita, vifungu havikubadilishwa. Kongo ilikuwa na 15 kwa msichana katika Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 na ikapandisha hadi 18 mwaka 2016. Kenya iliandika 18 katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Uganda iliiweka 18 ndani ya Katiba yake ya mwaka 1995.

Na Ubelgiji hii inayotufundisha? Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 na mvulana kuoa na 18, na Wabelgiji waliibeba tofauti hiyo mpaka mwaka 1990. Katika nchi hii wapo bibi zetu majirani, Wabelgiji halisi, waliokua chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo nikisikia mtu katika mkutano anazungumza kana kwamba kumwoza mtoto ni ugonjwa tulioupakia sisi kwenye mabegi yetu, namkumbusha mwaka 1990. Nikishamkumbusha narudi kwa watu wangu, maana mwaka 1990 wa Mbelgiji haumsaidii chochote binti wa miaka 16 aliyeko chumbani kwake Molenbeek usiku huu.

Tunazijua zile arusi za sebuleni. Posa imeletwa, mahari imehesabiwa, shehe au mchungaji ameitwa, kinamama wamepika pilau, na komini haijaambiwa kitu. Au tiketi ya likizo imekatwa mwezi wa saba, na mtoto anafika nyumbani kwa bibi akakuta mahema yamefungwa uani. Ukiuliza, utasikia maneno yale yale. Ameshakua huyu. Bora aolewe kuliko atuaibishe. Mbona tulimuuliza, na akanyamaza?

Tulimuuliza. Nani alimuuliza? Mama, mbele ya mashangazi watatu, na mahari imeshapokelewa. Baba, ambaye ameshamjibu rafiki yake wa tangu utotoni kwamba jambo limekwisha. Katika swali la namna hiyo, hapana ya msichana inamgharimu muulizaji fedha, heshima na urafiki, na mtoto analijua hilo kuliko mtu yeyote chumbani. Akinyamaza hajaridhia. Amepima atakachowafanyia watu anaowapenda, akaona hawezi. Mimi kwangu umri wa miaka 18 ni muhimu na nauunga mkono bila masharti, lakini hata wa miaka 19 anaweza kuulizwa hivi. Mwaka 2007, huko Charleroi, mwendo wa saa moja kutoka hapa, mwanafunzi wa miaka 20 mwenye asili ya Pakistani alipigwa risasi na kaka yake baada ya kuikataa ndoa aliyopangiwa na familia. Alisema hapana kwa sauti, na hakuna aliyekuwa upande wake nyumbani.

Mwaka huo huo wa 2007, miezi kadhaa kabla ya msiba huo, Ubelgiji ilikuwa imeifanya ndoa ya kulazimishwa kuwa kosa la jinai, na mwaka 2013 ikaongeza adhabu hadi kifungo cha miaka mitano. Adhabu ni lazima ziwepo. Hata hivyo ninachokithamini zaidi ni kile kikao kidogo cha komini kinachodharauliwa. Ofisa akishuku, anaweza kuiahirisha ndoa kwa miezi miwili, na mwendesha mashtaka akaongeza mingine hadi mitatu. Wanaotaka kuoana huitwa wakahojiwa mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Wengi wetu tumekipitia na tumekilalamikia, maana maswali yake huudhi na wahamiaji hushukiwa kuliko wengine. Dhuluma hiyo ipo na lazima isemwe. Lakini ofisa wa kaunta hajala mahari. Msichana akimwambia hapana, yeye hapotezi kitu. Ataandika, afunge faili, amwite anayefuata.

Ndiyo maana arusi ya sebuleni inanikera kuliko zote. Serikalini si ndoa, kwa hiyo binti hana haki ya mke hata moja: hana madai ya matunzo, hana urithi, hana hati. Kwa jamaa ni mke wa mtu, kwa hiyo hawezi kutoka. Ni yule mtoto wa New York, amehamia Brussels. Na wale wanaomwoza mtoto nyumbani wakitumaini mume atapata njia ya kuja huku, wajue kwamba kwa kawaida mke na mume hawapewi kibali cha kuungana kabla wote wawili hawajafika miaka 21. Mtoto atakaa miaka akiwa mke wa simu.

Mashehe na wachungaji wa jiji hili nawaomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu. Msifungishe ndoa bila karatasi ya komini, hata kama baba ni rafiki, hata kama pilau imeshaiva. Rabi wa Rue de la Régence anaidai, na dini yake haijapungua kitu. Kisha muiteni msichana faragha kabla ya posa kujibiwa, si baada yake, na anayemuuliza awe mwanamke ambaye hatapokea hata leso katika mahari hiyo.

Nanyi wasichana mnaosikiliza, pengine kwa sababu redio iko jikoni na mama ndiye aliyeifungulia. Shule yenu inahudumiwa na kituo cha PMS, cha washauri wa wanafunzi, na waliomo humo wanatakiwa kuitunza siri yenu. Kuna simu ya watoto na vijana kwa Kifaransa, namba 103. Haitozwi na huulizwi jina. Kwa Kiholanzi ni 102. Kama tiketi imeshakatwa, piga kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Pasipoti ikiwa mikononi mwa baba sema hivyo hivyo, wanajua la kufanya.